Ubani Hautibu Saratani

Jamii yetu hapa Uganda ina ukarimu wa ajabu kwa maiti. Mtu akifariki alfajiri, kabla ya jua kutua hema limekwisha simamishwa, viti vimeletwa, matoke yako motoni, na mweka hazina wa ukoo ameshika daftari akiandika majina ya waliotoa. Hakuna anayeuliza iwapo marehemu alistahili, wala anayedai kuona barua ya daktari. Lakini mtu huyohuyo, angali hai, akitangaza kwamba anahitaji fedha ili apasuliwe uvimbe wa saratani, daftari hilo hufungwa, na kila mmoja wetu hukumbuka ghafla karo ya watoto wake.

Nasema haya kwa uchungu, wala sioni sababu ya kuuficha. Shangazi yangu, dada wa baba, ambaye Waganda humwita Ssenga, ana saratani ya titi. Ndiye aliyeuza kahawa ya shamba lake karibu na Masaka ili nilipiwe ada ya chuo cha ualimu. Daktari ameeleza kwamba uvimbe haujafika katika viungo vingine, na kwamba ni lazima titi liondolewe pamoja na tezi za kwapani upesi, kabla hali haijabadilika. Tuliwatangazia ndugu wote habari hiyo. Katika wiki tatu tulipata shilingi laki sita. Mwaka jana, alipofariki binamu yetu mmoja, ukoo huohuo ulikusanya milioni nne kwa siku mbili. Basi nauliza: je, ndugu zangu ni maskini au wanasubiri?

Mwanafunzi mpenzi, wewe unayejifunza Kiswahili, tazama jinsi lugha inavyotufichua. Fedha wanazopewa wafiwa huitwa ubani. Ubani ni ule utomvu mkavu wenye harufu nzuri ambao hufukizwa, na ndio uliofukizwa penye maiti. Katika Kiganda fedha hizo huitwa mabugo, yaani nguo za magome ya mti ambazo wazee walizitumia kumviringishia maiti. Lugha mbili, desturi mbili, na zote zimeipa jina fedha ya msiba kwa kitu kinachohusu mwili usio na uhai. Na fedha ya kumpeleka mgonjwa kwenye chumba cha upasuaji inaitwaje? Tunasema tu "mchango", neno lilelile tunalolitumia kwa keki ya arusi.

Nikisema arusi, nisije nikaeleweka vibaya. Napenda ngoma na vifijo kama mtu mwingine yeyote. Ila nimewahi kuketi katika vikao vya maandalizi ya arusi ambamo watu wazima walisimama, mmoja baada ya mwingine, wakaahidi fedha za mapambo kwa sauti kubwa ili wasikike. Watu hao hao nilipowaeleza habari za Shangazi walinong'ona kwamba watamkumbuka katika sala. Sala tunazipokea kwa shukrani. Maabara lakini haipokei sala badala ya malipo ya kupima kipande cha uvimbe.

Wako wanaojibu kwamba hospitali za serikali ni bure. Ni kweli kwamba ada ya wagonjwa katika vituo vya umma ilifutwa mwaka 2001, isipokuwa katika wodi za kulipia, na hatua ile iliwasaidia maskini wengi. Lakini aliyewahi kumuuguza mtu wodini anajua kwamba baada ya neno "bure" huja orodha ndefu. Kipimo ambacho mashine yake ni mbovu hufanywa nje kwa fedha. Dawa iliyokwisha hununuliwa dukani. Muuguzaji hulala sakafuni juu ya mkeka, hujipikia, hufua mashuka, na shamba lake kijijini linaota magugu. Kutoka Masaka hadi Kampala ni takriban kilomita 130, na mgonjwa wa saratani haendi mara moja. Huenda, hurudi, huitwa tena. Bure hiyo ina nauli.

Wengine husema kisu huamsha saratani. Uvumi huu umeua watu wengi, nami nitaujibu bila upole. Wagonjwa wetu wengi hufika hospitalini wamechelewa, baada ya kuzunguka kwa waganga na kuuza mbuzi wa mwisho. Hupasuliwa wakati ugonjwa umekwisha sambaa, kisha hufariki. Majirani hukumbuka kisu, husahau mwaka mzima uliotangulia. Na kwa nini walichelewa? Mara nyingi ni kwa kukosa fedha zile zile ambazo majirani walikuja kuzitoa matangani.

Hoja yenye uzito zaidi ni ya wale wanaoogopa matapeli. Hawa nawaheshimu, kwa maana wapo watu wanaochangisha kwa picha ya mgonjwa wasiyemjua. Dawa yake lakini ni utaratibu. Pawe na barua ya daktari, mweka hazina ambaye si mwana wa mgonjwa, risiti zisomwe mbele ya wote, na malipo yapelekwe moja kwa moja hospitalini. Vyama vyetu vya munno mukabi, ambavyo karibu kila kijiji cha Buganda kinavijua, tayari vina daftari, akiba, sufuria na nidhamu. Jina lenyewe maana yake ni rafiki wakati wa shida. Halitaji kifo! Ni sisi tulioamua kwamba shida huanza pale moyo unaposimama.

Najua pia kwamba mchango wa ukoo hauwezi kuwa sera ya taifa. Katiba yetu ya 1995 inaitaka serikali ichukue hatua zote ziwezekanazo ili wananchi wapate huduma za msingi za tiba. Mwaka 2016 mashine pekee ya tiba ya mionzi nchini, iliyokuwa katika taasisi ya saratani pale Mulago, iliharibika. Nchi nzima ikabaki bila mashine hadi mpya ilipozinduliwa mwaka 2018. Machi 2021 Bunge lilipitisha muswada wa bima ya afya ya taifa, nao haukupata saini ya Rais. Rwanda, jirani yetu asiyetuzidi kwa utajiri wa ardhi, ina bima ya jamii iitwayo mituweli kwa miaka mingi sasa. Mgombea atakapokuja kijijini kwako na sukari na sabuni, muulize kuhusu bima kabla hujapokea. Lakini uvimbe wa Shangazi hausomi kumbukumbu za Bunge, wala hautasubiri uchaguzi.

Ninyi wanafunzi msiseme kwamba hamna fedha. Benki za damu za nchi hii hutegemea sana shule, ndiyo maana damu hupungua kila shule zinapofungwa. Upasuaji huahirishwa kwa kukosa chupa mbili za damu wakati maelfu ya vijana wenye afya wako nyumbani wakitazama mpira. Yeyote aliyetimiza umri na uzito unaotakiwa anaweza kutoa, na kazi hiyo huchukua muda usiozidi kipindi kimoja cha somo.

Upasuaji wa Shangazi umepangwa Jumanne ya wiki ijayo. Fedha za vipimo zimetimia juzi, baada ya baba mdogo kuuza pikipiki yake. Zinazopungua ni za dawa za siku kumi za kwanza na za chakula cha dada yangu atakayelala naye wodini. Jumamosi saa nne asubuhi ukoo utakutana nyumbani kwa babu, nami nitakwenda na lile daftari la msiba, nifungue ukurasa mpya, niandike jina la Shangazi juu yake, na kuwapa kalamu.