Uso Husawajika, Hauwi Mweupe



Muhula uliopita nilikuwa nikisahihisha insha za kidato cha nne hapa Kitengela. Mmoja wa wanafunzi wangu alisimulia siku mamake alipozirai sokoni. Insha ilikwenda vizuri hadi nilipofika kwenye sentensi hii: "Mama aligeuka akawa mweupe kama karatasi." Niliipigia mstari. Baadaye nikamwita, nikamuuliza kama kweli alimwona mamake akiwa mweupe. Aliinamisha kichwa akafikiri. "La, mwalimu. Niliona viganja vyake. Ni kama havikuwa na damu."

Hiyo ndiyo sentensi niliyokuwa nikiitafuta.

Maoni yangu ni kwamba "akawa mweupe" ni Kiingereza kilichovishwa nguo za Kiswahili. Neno "pale" la Kiingereza lina mizizi katika Kilatini, nalo lilipitia Kifaransa kabla ya kufika Uingereza. Lilitumiwa na watu ambao damu ikipungua usoni, ngozi yao huzidi kuwa nyeupe. Kwao ni sahihi. Lakini hata Kiingereza hakikutegemea weupe peke yake. Neno "wan", ambalo leo humweleza mtu aliyekosa rangi kwa ugonjwa au uchovu, katika Kiingereza cha kale lilimaanisha giza, kitu kisicho na mng'aro. Maana yake ilihama kutoka weusi hadi weupe! Kilichobaki ni wazo moja tu: mng'aro umetoka.

Kiswahili nacho kimeshika wazo hilo, tena kwa maneno mengi. Mtu aliyedhoofika kwa maradhi au huzuni uso wake umesawajika. Wengine husema umesawijika. Urembo uliopungua umekwajuka. Ngozi iliyokosa mafuta imepauka, na wewe unayetembea katika vumbi la Kitengela mwezi wa Februari hulihitaji kuelezwa neno hilo. Midomo ya mwenye homa imeparara. Kitambaa kilichofuliwa mara nyingi kimechujuka, yaani rangi imechujwa ikatoka. Na aliyeshikwa na hofu amenywea. Kila neno lina mahali pake, usiyachanganye.

"Mweupe" je? Kwetu neno hili lina kazi nyingine. Mwenye moyo mweupe hana kinyongo. Mtu mweupe ni yule ambaye ngozi yake si nyeusi. Ukiandika kwamba mhusika "aligeuka akawa mweupe", mtahini anaweza kudhani amejichubua kwa krimu! Hapa Kajiado weupe tunaujua. Wamaasai waliuita Kilimanjaro Oldoinyo Oibor, mlima mweupe, kwa sababu ya theluji, na ule wa Namanga wakauita Oldoinyo Orok, mlima mweusi. Magadi ya ziwa letu ni meupe. Uso wa mama mgonjwa si miongoni mwa vitu hivyo.

Huenda ukasema, "Mwalimu, lugha hukua kwa kukopa." Kweli. Hata neno karatasi tulilikopa kutoka Kiarabu. Lakini mtu hukopa asichokuwa nacho.

Tena jambo hili halihusu alama pekee. Mhudumu wa afya akishuku kwamba mtoto amepungukiwa na damu, hutazama viganja vyake, kwa maana ngozi nyeusi ya uso huweza kuificha dalili hiyo. Hutazama pia upande wa ndani wa ukope wa chini. Daktari wa mifugo naye humfunua mbuzi ukope huohuo ili ajue kama minyoo imemnyonya damu. Anayengoja uso mweusi ugeuke mweupe ndipo aseme mtu ni mgonjwa, atachelewa. Mwanafunzi wangu hakuchelewa: aliviona viganja, akaita watu. Macho yake yaliona sawasawa. Ni kalamu iliyomsaliti.

Sasa igeukie tamthilia yako teule. Katika Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, Sara anaugua. Unapojibu swali kumhusu, usimpake weupe ambao mwandishi hakumpaka. Kumbuka kwamba tamthilia huigizwa: hadhira iliyoketi nyuma haiwezi kuona rangi ya uso wa mwigizaji. Ugonjwa hujitokeza katika anavyotembea, anavyoketi, anavyonena, na katika maneno ya wale wanaomjali. Soma maelekezo ya jukwaani. Sikiliza wahusika wengine wanasema nini kumhusu. Ushahidi wako uko hapo, wala hauko katika tamathali uliyoikariri kutoka kitabu cha Kiingereza.

Kwa hivyo, kabla ya kuandika sentensi kuhusu mgonjwa, mwenye hofu au mwenye huzuni, jiulize: ningekuwa nimesimama mbele yake, ningeona nini? Viganja? Midomo? Macho yaliyozama? Andika hicho, kwa neno lake. Nawe ukimwona mwenzako wa dawati amesawajika wiki nzima, usingoje mtihani ndipo ulitumie neno hilo. Muulize kama amekula, kisha umweleze mwalimu.