Injini Kuukuu Haiponi kwa Kichupa

Kinachoniudhi wiki hii ni kichupa. Kimepangwa kwenye rafu za maduka ya spea mjini Voi, karibu na kaunta, mahali ambapo mwenye Probox inayotoa moshi hawezi kukikosa. Lebo yake inaahidi kumaliza moshi, kunyamazisha injini inayogonga na kurudisha nguvu za ujana, yote hayo kwa kumimina mara moja kwenye oili. Mwenye gari hukinunua pamoja na galoni ya 20W-50, na ukiuliza sababu utajibiwa kwamba gari limezeeka. Wasomaji wa safu hii wanajua sibembelezeki, basi niseme mapema: uzee si ugonjwa. Injini ya miaka ishirini inataka oili iliyotajwa kwenye kitabu chake, filta mpya, na oili kumwagwa kwa wakati. Kichupa hakimo katika orodha hiyo.

Chukua hiyo Probox, malkia wa barabara ya Voi, Mwatate na Wundanyi. Nyingi zina injini ya 1NZ ya lita 1.5, ambayo Toyota iliipendekezea oili nyepesi kama 5W-30. Injini hiyo ina mfumo wa VVT-i, unaobadilisha majira ya vali kwa presha ya oili inayopita kwenye kichujio kidogo na njia nyembamba. Ukiilisha oili nzito, kisha ukaongeza kichupa cha kuizidishia uzito, umeuchelewesha mfumo mzima kwa pesa zako mwenyewe. Tena injini hulika sana inapowashwa ikiwa baridi, kabla oili haijafika juu kwenye kamshafti. Asubuhi ya Julai, ukungu ukiwa umeifunika Wundanyi, 20W-50 hupanda kwa kujivuta wakati 5W-30 imeshafika.

Najua jibu litakalotoka Voi: huku kwetu ni joto, oili nyepesi itakuwa maji. Hoja hiyo ina sura nzuri, ila inasahau kwamba namba ya pili kwenye galoni hupimwa oili ikiwa na nyuzi 100. Jua la Voi, hata likifika nyuzi 35, liko mbali na hapo. Themostati nayo huyaweka maji ya injini karibu na nyuzi 80 hadi 90, uwe Voi au uwe juu Taita. Kinachochemsha oili ni mzigo. Gari la watu watano likipandishwa kona za Wundanyi na watu tisa, magunia nyuma na kuku juu ya magunia, oili itachemka tu, na tatizo halimo kwenye galoni.

Wapo watakaoapa kwamba walimimina na moshi ukapungua. Nawaamini. Vichupa vingi vya kuzuia moshi kazi yake kubwa ni kuongeza uzito wa oili, na oili nzito haipenyi kwa urahisi kwenye ringi zilizolika. Lakini ringi zenyewe zimebaki zilivyo. Ufa haufi kwa kupakwa rangi. Na huku kwetu kinachokula ringi ni vumbi lile jekundu la njia za Kasigau na Sagalla, linaloingia kupitia filta ya hewa ambayo fundi huikung'uta kwenye tairi na kuirudisha. Bei ya kichupa ingesaidia kununua filta mpya. Ahadi hizi si ngeni wala si za kwetu peke yetu: mwaka 1997 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliwabana watengenezaji wa Slick 50, nao wakakubali kuacha kutangaza kwamba dawa yao hupunguza kulika kwa injini pasipo ushahidi wa kutosha. Huko walidaiwa ushahidi. Huku tunadaiwa bei.

Asiye na pesa za kufungua injini simcheki. Kama injini imepimwa kompresheni, sili za vali zikaangaliwa, na bado inakula oili, kupanda hatua moja hadi 10W-40 ni uamuzi wa busara, na kuongeza oili kila wiki si aibu. Wenye Peugeot 504, mlidhani nimewasahau? Injini zenu za zamani zinahitaji zinki na fosforasi ya kulinda kamshafti, na ni kweli oili za kisasa zimepunguziwa ili zisiharibu kichujio cha moshi wa ekzosi. Lakini kikomo hicho kiliwekewa gredi nyepesi kama 5W-30 na 10W-30, 20W-50 haiguswi. Kwa hiyo ninyi ndio wenye haki ya galoni ile nzito, na hata ninyi kichupa hakiwahusu. Kitakachowaua ni oili chafu iliyochujwa na kurudishwa kwenye galoni yenye jina kubwa. Kagua alama ya ubora ya KEBS kabla ya kulipa, na ukimaliza kumimina, toboa galoni tupu usije ukauziwa tena mwezi ujao.

Nisiwe mchoyo wa sifa, lakini. Kichupa kina kazi moja kinayoifanya kwa uhakika kuliko oili yoyote: hunyamazisha injini kwa siku zinazotosha mnunuzi kutia sahihi. Ndiyo maana anayekisifu kwa sauti kubwa kuliko wote mara nyingi ni yule anayeuza gari.