Ubao wa chuoni hauhitaji chaji

Kuna hoja inayorudiwarudiwa: mtoto wa Kilwa hawezi kufundishwa kwa kasi yake mwenyewe mpaka shule yake ipate vishikwambi na intaneti. Naikataa.

Pwani hii, toka Kivinje hadi Lindi, imefundisha mtoto mmoja mmoja kwa karne nyingi. Ingia chuo cha Kurani alasiri: huyu yuko kwenye alifu, mwenzake anaunganisha herufi, yule wa pembeni amefika juzuu ya Amma. Chumba kimoja, mwalimu mmoja. Kila mmoja husoma mbele ya mwalimu kwa zamu, wala hasogei mpaka somo limekaa. Aliyetangulia humsikiliza mdogo. Bakora na kukariri bila kuelewa sivitetei hata kidogo, nautetea utaratibu.

Shuleni tumefanya kinyume: darasa zima, ukurasa mmoja, siku moja. Hata hivyo, mpango wa kuboresha elimu wa EQUIP-T, ulioanza 2014 na kuufikia mkoa wa Lindi, uliwekeza katika mafunzo ya walimu katika kufundisha kusoma, kuandika na kuhesabu. Hapo ndipo pa kuongeza fedha. Nunueni vitabu vyembamba vya hadithi vya viwango tofauti. Mpeni mwalimu daftari la kuandika nani amekwama wapi, na muda wa kulitumia. Mtoto wa kisiwa cha Songo Songo anayezijua pepo za kaskazi na kusi aandike anachokijua, wenzake wakisome. Kujiamini kwake kutakua hapo.

Wanaodai vishikwambi kwanza watueleze mwalimu aliye peke yake katika darasa lililofurika atapata lini nafasi ya kumsikiliza mtoto akisoma.