Silaha ya Mwanafunzi ni Mpini wa Jembe

Mzazi ambaye riziki yake hutoka katika kukata na kufunga mawaridi yaendayo Ulaya, na ambaye mwanawe amemjia na habari kwamba mwalimu wa karate sasa ataka kila mwanafunzi awe na silaha yake, hastahili kusumbuliwa kwenda Nairobi kununua nunchaku ya chuma kinachometameta, ilhali hapa hapa Karagita, Naivasha, kando ya barabara ya Moi South Lake, muuza majembe ameegemeza ukutani mipini ambayo, kwa kazi ya kujifunzia, yaishinda silaha ile kwa manufaa na kwa bei pia. Nasema haya nikijua kwamba baadhi ya waalimu watanuna, maana mpini wa jembe hauna fahari, wala haupendezi pichani.

Lakini na watazame asili ya silaha hizo wanazozitukuza. Bo ya Okinawa ni fimbo tupu ya urefu wa sentimita 182 hivi. Jo ya Wajapani, yenye sentimita 128, haipishani sana na mpini wetu ukishasawazishwa kwa randa. Na tonfa, kama masimulizi ya huko yadaivyo, ijapokuwa wanahistoria hawajaafikiana, ilikuwa mkono wa jiwe la kusagia nafaka kabla haijawa silaha. Wala haitupasi kuvuka bahari ili kupata ushahidi. Huko Lamu, siku za Maulidi na harusini, ngoma na zumari zikilia, wanaume husimama duara, wawili wakaingia kati na fimbo zao, huyu akashambulia na yule akakinga. Na aliyeutazama kwa makini mchezo huo wa kirumbizi hakosi kutambua kuwa sifa ya fimbo haimo katika ugumu peke yake. Wazee wa pwani waliienzi bakora ya mtobwe, na henzirani nayo ilikuwa na daraja yake. Na hiyo henzirani ndiyo Wafilipino waliyoichagua kwa arnis, sanaa yao ya kupigana kwa fimbo, kwa kuwa ikipigwa sana huchakaa nyuzi kwa nyuzi, haikatiki ghafla ikarusha kipande jichoni mwa mtu.

Hapo ndipo wanunuzi wengi hupotea. Hudhani kwamba mti mgumu kupita yote ndio bora kupita yote, wakautamani mpingo, ambao ni mzito, ni ghali, na ukimpata mwenzio kifundoni mwa mkono humletea msiba uleule ambao angeletewa na nondo. Mzeituni wa mwituni, ambao Wakikuyu huuita mutamaiyo na Wamaasai oloirien, ni mti wa heshima na wafaa kwa rungu. Ila kwa fimbo ya kugonganishwa jioni baada ya jioni, mkaratusi uliokauka vyema na wenye nyuzi nyofu watosha kabisa. Mbao za paleti zilizotupwa ziachwe kwa kuni na viti, kwani aghalabu ni msonobari mwepesi usiostahimili pigo.

Ushikapo mpini dukani, uinue usawa wa jicho kana kwamba walenga shabaha, uuzungushe taratibu, utaona kama umepinda. Kisha fuata nyuzi za mti kwa ukucha: zikienda tangu ncha hii hadi ncha ile, umepata, zikitoka mbavuni kwa mshazari, basi papo hapo ndipo utakapovunjika, hata ukipakwa rangi ya dhahabu. Kifundo cha tawi katikati ya mpini ni sababu tosha ya kuurudisha. Mwisho uugonge kwenye jiwe: mkavu hulia sauti kavu, wenye ufa uliojificha hutoa mkwaruzo.

Naivasha i karibu mita 1,900 juu ya bahari; mchana jua huwaka, usiku baridi hushuka, na upepo wa bondeni hukausha kila kitu kwa haraka. Mti mbichi ukianikwa juani katika hali hiyo hupasuka nchani. Dawa yake ni kuziziba ncha kwa nta au rangi, kuulaza kivulini juu ya vipande vya mbao ili hewa ipite chini, na kuuacha wiki kadhaa bila pupa. Ukishakauka, usuguliwe msasa, upakwe mafuta ya kitani. Vanishi siipendi: huteleza mkono utokapo jasho, na hufunika nyufa ambazo mwalimu angepaswa kuziona.

Rungu zilizovikwa shanga, wanazouziwa watalii waendao Hell's Gate, ni pambo la sebuleni. Ama sime yenye makali, hiyo isiingie kabisa katika mafunzo ya vijana. Fundi achonge ya mti. Wajapani wenyewe, pamoja na mapenzi yao kwa upanga, walitengeneza shinai ya mianzi ili wanafunzi wapigane kwa nguvu zao zote bila kuvunjana mifupa.

Liko jambo jingine ambalo mji wa Mombasa huenda usilihisi kama sisi. Mnamo Januari 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, watu wa Naivasha waliona rungu na panga barabarani, na waliokuwapo hawajasahau. Isitoshe, Kanuni ya Adhabu yakataza mtu kutembea hadharani na silaha pasipo sababu halali kwa namna ya kuwatia watu hofu. Kundi la vijana lipitalo magengeni wakati wa magharibi na fimbo mabegani laweza kuwa linatoka mazoezini, lakini mama auzaye mboga atalijuaje hilo? Kwa hiyo silaha zikae ukumbini chini ya kufuli, ufunguo awe nao mwalimu, na ikilazimu kuzihamisha, zifungwe pamoja ndani ya gunia na zichukuliwe na mtu mzima.

Na madhali zitakaa ukumbini, hakuna haja ya kila mzazi kununua peke yake. Wazazi wachangishane, mwalimu aende kwa fundi mmoja mwezi wa Januari, achague mipini kwa mkono wake, ili ipate kukauka kivulini kabla ya masika ya Aprili. Na aagize michache ya akiba, maana itavunjika tu.