Riziki ya Mpira na Msimamo wa Dini



Mwezi uliopita, baada ya darsa ya Isha, kijana mmoja katika wanafunzi wetu wakubwa alibaki nyuma hata wenziwe wakaondoka. Kisha akatuuliza kwa adabu: "Maalim, je, mtu aweza kula kwa mpira na dini yake ikasalimika?" Kijana huyu ni mrefu wa kimo, kila alasiri huenda kucheza mpira wa kikapu, na baba yake ameshatujia mara mbili kumshitaki kwetu kwamba mpira wamharibu. Mzee mmoja aliyekuwa mlangoni akitafuta viatu vyake alilisikia swali, akacheka. Sisi hatukucheka, lakini jawabu pia hatukuwa nalo. Tulimwomba kijana atupe muda. Tumesoma na kuuliza, na leo twamjibu katika ukurasa huu, kwani twajua kuwa swali lake limo katika nyumba nyingi, ijapokuwa si kila kijana apata ujasiri wa kuliuliza.

Jawabu letu ni habari za mtu mmoja. Mtu huyo ni Mahmoud Abdul-Rauf, Mmarekani, aliyecheza mpira wa kikapu kwa malipo kwao, kisha akauchezea katika nchi za watu mpaka umri ambao wenziwe wengi wameshastaafu.

Alizaliwa mwaka 1969 katika mji wa Gulfport, jimbo la Mississippi, naye wakati ule akiitwa Chris Jackson. Alilelewa na mama yake peke yake, pamoja na ndugu zake, katika hali ya ufukara. Tena tangu utotoni alikuwa na maradhi asiyoyajua jina. Viungo vyake vilishtuka bila ya yeye kutaka, na sauti zikamtoka kooni bila ya kukusudia. Alipata umri wa miaka 17 ndipo waganga walipomwambia kuwa ni ugonjwa wa Tourette, ambao ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu. Si wazimu, si utovu wa adabu, wala si jini. Ugonjwa huo ulimfanya arudie jambo mpaka nafsi yake itue. Akifunga kamba za viatu hufungua na kufunga tena, na akitupa mpira hakutoka uwanjani mpaka mitupo ifuatane ikiingia kama alivyotaka. Jambo lililomtesa nyumbani likamfanya kuwa hodari uwanjani.

Hapa yatupasa tukiri jambo letu wenyewe kabla ya kuendelea. Miaka mingi nyuma tulikuwa na mtoto chuoni ambaye akisoma hutikisa shingo na kukoroma kooni katikati ya aya. Tulimkanya, hakuacha. Tukadhani aifanyia mzaha Qurani, tukamchapa, si mara moja. Mwisho mtoto yule aliacha kuja, nasi tukasema kwamba ni mkaidi. Tuliposoma habari za utoto wa Abdul-Rauf tulikiweka kitabu chini, tukakaa kimya muda mrefu. Hatukujua, lakini kutojua kwetu hakukumwondolea mtoto maumivu. Basi enyi walimu wenzetu na enyi wazazi, mkimwona mtoto wa namna hiyo msikimbilie bakora, wala msimpeleke kwa wapunga pepo. Mpelekeni hospitali, na mumwache asome kwa mwendo wake.

Turejee kwenye habari yetu. Mwaka 1988 kijana yule aliingia Chuo Kikuu cha jimbo la Louisiana, na katika mwaka wake wa kwanza alipata wastani wa pointi 30.2 kwa kila mchezo, kiasi ambacho hakikuwa kimefikiwa na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika vyuo vikubwa vya Marekani. Kocha wake, Dale Brown, alimpa kitabu cha maisha ya Malcolm X, na kitabu hicho kikamfungulia mlango wa kuuliza. Mwaka 1990 timu ya Denver Nuggets ilimchukua katika ligi kubwa ya Marekani iitwayo NBA, naye akawa wa tatu kuchaguliwa katika vijana wote wa mwaka ule. Mwaka 1991 alisilimu, na mwaka 1993 akabadili jina lake, akawa Mahmoud Abdul-Rauf.

Wako wanaodhani kwamba dini humpunguzia mtu nguvu za kazi. Yeye alipewa tuzo ya mchezaji aliyeendelea zaidi kuliko wote katika msimu wa 1992-93, tayari akiwa Mwislamu. Msimu uliofuata alipewa mitupo ya adhabu 229, akatia 219. Ramadhani ikimkuta katikati ya michezo alifunga. Mwezi wa Desemba 1995 aliwatia Utah Jazz pointi 51 katika mchezo mmoja, ilhali yeye ni mfupi miongoni mwa majitu ya mchezo ule.

Kisha ukaja mtihani. Desturi ya Marekani ni kupiga wimbo wa taifa kabla ya mchezo, na wachezaji wote husimama. Abdul-Rauf aliona moyoni mwake kwamba hawezi kuitukuza bendera ambayo kwa watu wengi, wakiwamo watu weusi wenziwe, ilikuwa alama ya dhuluma. Kwa miezi mingi akawa hasimami pamoja nao, na watu hawakuangalia. Habari ilipotangazwa, tarehe 12 Machi 1996, wakuu wa ligi walimsimamisha asicheze, na kila mchezo alioukosa ungalimpotezea dola 31,707. Baada ya mchezo mmoja pakapatikana sulhu: atasimama pamoja na wenziwe, lakini atainamisha kichwa na kuomba dua yake. Akarudi kucheza.

Wasomaji wetu wasitufahamu vibaya. Hatuwaiti vijana wetu waache kusimama wimbo wa taifa lao unapopigwa. Hata Waislamu wa wakati ule hawakuafikiana. Hakeem Olajuwon, mzaliwa wa Lagos aliyekuwa bingwa mkubwa wa mchezo huo huo na Mwislamu mwenye kufunga Ramadhani kama yeye, hakuona alivyoona mwenziwe. Yeye alifahamu kwamba dini yaamrisha kuheshimu desturi za nchi uliyomo. Ikhtilafu ya namna hii yaruhusiwa baina ya watu wema. Tutakacho vijana wakione ni kitu kingine: kwamba mtu huyu alijua bei ya aliloliamini, na alikuwa tayari kuilipa kwa mali yake mwenyewe. Wangapi miongoni mwetu huiuza sala ya Alasiri kwa senti za kuuza muhogo?

Bei aliilipa. Msimu ule ulipokwisha, Denver walimtoa kwa timu ya Sacramento, ijapokuwa yeye ndiye aliyekuwa akiwatilia pointi nyingi kuliko wenziwe. Huko akacheza misimu miwili, na kila siku muda wake uwanjani ulipunguzwa. Mkataba ulipomalizika mwaka 1998 hakupata timu ya kumchukua, na umri wake ulikuwa miaka 29 tu, umri ambao mchezaji huwa katika nguvu zake. Ndipo alipoanza safari zake za kutafuta riziki ughaibuni.

Yafaa tuwaeleze vijana jinsi kazi hii ilivyo, maana wao huona picha za magari tu. Katika NBA leo zipo timu 30, na kila moja huwa na wachezaji kama 15. Kwa hiyo nafasi zote hazizidi sana 450, nazo hugombewa na dunia nzima. Wamarekani wanaokosa nafasi hizo, na wenye uhodari ni wengi mno, hufungasha mizigo wakaenda Uturuki, Italia, Ugiriki, Urusi, Uchina, Japani na kwingineko. Huko mkataba mara nyingi ni wa msimu mmoja. Timu nyingi huwekewa idadi ya wageni wanaoruhusiwa kucheza, basi mgeni hutazamiwa afanye makubwa kuliko wenyeji, na asipofanya hurudishwa kwao hata kabla ya mwaka kwisha. Ugomvi wa mishahara isiyolipwa ulikuwa mwingi hata shirikisho la mpira wa kikapu la dunia likaanzisha baraza la usuluhishi, lililoanza kazi mwaka 2007, ili mchezaji mwenye mkataba apate pa kushitakia. Nasi Waislamu tuliamrishwa zamani kuandika deni na kuweka mashahidi, na aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qurani ndiyo inayolieleza jambo hilo. Kijana atakaye kwenda kufanya kazi yoyote katika nchi za watu, iwe ya mpira au ya udereva, asivuke bahari kwa maneno ya mdomo.

Abdul-Rauf alianza na Fenerbahçe ya Istanbul mwaka 1998. Msimu wa 2000-01 alirudi NBA kuchezea timu ya Vancouver, katika nchi ya Kanada, na huo ukawa mwisho wake katika ligi ile. Mwaka 2001 nyumba yake huko Mississippi, iliyokuwa haina mtu ndani, iliteketea kwa moto uliosemekana kuwa umewashwa kwa makusudi. Kabla ya hapo ilikuwa imeandikwa herufi za kundi la wabaguzi wa rangi. Alhamdulillahi, hakufa mtu. Msimu wa 2003-04 alikuwa Urusi, katika mji wa Perm ulio karibu na milima ya Ural, ambako baridi yake sisi watu wa pwani hatuiwezi hata kuifikiri. Msimu uliofuata alikuwa Roseto, mji mdogo wa Italia kando ya bahari ya Adria. Msimu wa 2006-07 aliichezea Aris ya Thessaloniki, Ugiriki. Aliichezea pia Al-Ittihad ya Jeddah, karibu na Makka tukufu. Mwisho alikwenda Japani, timu ya Kyoto Hannaryz, akacheza huko toka 2009 mpaka 2011, akastaafu akiwa na umri wa miaka 42.

Ihesabuni safari hiyo. Istanbul, Vancouver, Perm, Roseto, Thessaloniki, Jeddah, Kyoto. Kila mji na lugha yake, chakula chake na watu wake. Mahali pengine misikiti imejaa, na pengine Mwislamu ni mgeni wa kuulizwa maswali. Mlango mmoja ulifungwa, na Mwenyezi Mungu akamfungulia mingine, mdogo kuliko ule wa kwanza, lakini ya halali. Alipata mali chache kuliko alizoziacha, wala hatutaki kuwadanganya vijana kwamba hakukosa kitu. Alikosa. Miaka yake iliyo bora haikurudi. Lakini jina alilolichagua hakulibadilisha, na sala yake hakuiacha mpakani.

Kadhalika watu wakarejea kumtambua. Mwaka 2020 chuo kikuu chake cha zamani kiliitundika fulana yake, namba 35, kwa heshima, asivae mwingine namba hiyo. Kuna watu ambao heshima huwafikia mvi zikiwa zimeshatoka, na kuna ambao haiwafikii ila akhera.

Sasa twamgeukia kijana wetu aliyeuliza. Mwanangu, jawabu ni ndiyo: mtu aweza kula kwa mpira na dini yake ikasalimika. Lakini shika mambo matatu. Kwanza, usiutegemee mpira peke yake. Nafasi ni chache, na goti likivunjika leo kesho huna kazi. Soma, na ujifunze kazi ya mikono. Pili, wakati ukiingia, sala kwanza kisha uwanja. Sheria imemwekea msafiri wepesi wa kupunguza sala na kulipa saumu, lakini anayecheza mtaani kwao si msafiri. Tatu, jua mapema ni lipi hutaliuza. Mtu asiyejua bado, siku ya mtihani huuza la kwanza analoombwa.

Nawe baba yake, twakunasihi kwa upole, nasi ni watu wa rika lako. Kabla hujaukata mti, tazama matunda yake. Mtoto anayerudi kutoka uwanjani kabla ya Magharibi, amechoka kwa mchezo wa halali na yuko tayari kutawadha, ni afadhali kuliko anayekaa barazani akisengenya watu. Nenda siku moja ukamtazame akicheza. Huenda mpira ukawaunganisha badala ya kuwatenga.

Na yule mtoto wetu wa zamani, ambaye sasa ni mtu mzima popote alipo: ikiwa ukurasa huu utamfikia, twamwomba radhi mbele ya wasomaji wote. Mlango wa chuo uko wazi, naye akija atasoma alipoachia, na akitikisa shingo tutamngoja amalize.

Mwenyezi Mungu awape watoto wetu riziki za halali, na atupe sisi walimu na wazazi macho ya kuwatambua. Amin.