Baiskeli na Afya: Haraka ya Nini?

Twawaona alfajiri watu wazima, waliokalia viti vya ofisi miaka mingi, wakipanda baiskeli ili kuupa mwili afya. Twawapongeza. Lakini wengi hukosea mwanzoni: Jumamosi ya kwanza huenda kilomita 30 kwa mbio, Jumapili hawawezi kuinuka kitandani, na baiskeli huachiwa kutu.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, lilishauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa juma. Halikusema zimalizwe siku moja! Anayeanza na aende nusu saa, mara tatu kwa juma, kwa mwendo unaomruhusu kuzungumza na mwenziwe. Akishindwa kusema, na apunguze. Hapana aibu kupitwa na muuza maziwa. Baada ya majuma kadhaa ndipo aongeze kidogo kidogo, wala asizidharau siku za kupumzika, maana ndizo misuli hujijenga.

Tena liko jambo la kiti. Wengi hukishusha mno kwa hofu ya kuanguka, kisha hulalamikia magoti. Pedali ikiwa chini kabisa na kisigino juu yake, mguu na unyooke. Ukikanyaga kwa sehemu ya mbele ya wayo, goti litakunjika kidogo tu.

Mwenye maumivu ya kifua au ugonjwa wa moyo na amwone daktari kwanza. Breki nazo zikaguliwe nyumbani, si mteremkoni.