Gharama za Karamu ya Idi



Mwezi huu twapenda kusema juu ya jambo ambalo watu hulinong'ona jikoni wala hawalitaji barazani, nalo ni hili: karamu ya Idi yagharimiwa na nani?

Desturi ya kwetu yajulikana. Siku ya Idi ukoo mzima hukusanyika kwa mkubwa wao. Hutoka watu Rulenge na Kabanga, Nyakahura na Lusahunga, na wengine hufika kwa basi kutoka Mwanza na Kahama, kila mmoja na watoto wake, wote wakielekea nyumba moja. Ni jambo jema, kwani ndilo lishikalo udugu. Lakini mwenye nyumba hiyo mara nyingi ni mkulima, tena mzee, naye ndiye anunuaye mchele, mafuta, viungo, sukari na nyama, na huenda akabakia na deni dukani hata miezi mitatu. Wageni huondoka wakisema Idi ya mwaka huu ilifana. Mkewe ndiye ajuaye kufana huko kulitoka wapi.

Tena Idi haikai mahali pamoja. Mwaka wetu wa mwezi ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku kama 11, hivyo sikukuu hurudi nyuma kila mwaka. Mwaka 2017 Idi ya Fitri iliangukia mwishoni mwa Juni, msimu wa kahawa, ambapo mkulima huweza kushika fedha. Mwaka 2025 iliangukia mwishoni mwa Machi, katika mvua za masika, kahawa haijavunwa bado. Basi aliyeweza kulisha ukoo peke yake mwaka ule, si lazima aweze mwaka mwingine, ijapokuwa nyumba ni ile ile na moyo ni ule ule.

Tunao mfano ulio bora. Katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim kwa Abu Musa, Bwana Mtume (s.a.w.) aliwasifu watu wa kabila la Ash'ari, waliotoka Yemen. Chakula kilipowapungukia vitani, au kilipokuwa haba kwa jamaa zao Madina, walikusanya walicho nacho katika nguo moja, kisha wakagawana sawasawa kwa chombo kimoja. Mtume akawahesabu watu hao kuwa ni wake, naye ni wao. Utazameni vema mpango wao: katika kutoa, kila mtu alitoa alicho nacho, katika kula, wote walikuwa sawa. Sisi twaupindua. Twataka watu watoe sawasawa, kisha sinia lililonona twalipeleka kwa aliyetoa zaidi!

Kwa hiyo hatuupendi mchango wa kukata kiasi kimoja kwa kila kichwa. Dada mjane akiambiwa alete fedha sawa na kaka yake mwenye duka, atabaki kwake na wanawe asingizie homa. Mwacheni alete mkungu wa ndizi na maharage. Mwenye mshahara naye atume fedha kwa simu, tena siku kumi kabla, si asubuhi ya Idi ilhali mchele umekwisha kukopwa. Na ile karatasi ya majina na fedha ikae mfukoni mwa mmoja, isisomwe mbele ya watu; Qurani katika sura ya Al-Baqara imekwisha kutuonya kwamba masimango hubatilisha sadaka.

Na nani aliyesema kuwa Idi haiwi Idi ila kwa pilau? Pilau ni tamu, hatuikatai ikiletwa. Lakini ndizi zilizopikwa kwa nyama ni chakula cha heshima katika nchi hii, nazo zatoka shambani mwetu wenyewe.

Hata hivyo, yako mambo ambayo kuchanga kwake kuna mipaka. Zaka ya Fitri ni pishi moja kwa kila mtu wa nyumba, na haki yake ni kuwafikia maskini kabla ya sala ya Idi. Mchele huo usitiwe katika sufuria ya ukoo, kisha mtu akasema amekwisha kutoa. Na katika Idi ya kuchinja, ng'ombe mmoja hutosha watu saba, kama alivyosimulia Jabir juu ya mwaka wa Hudaibiya, yaani mwaka wa 6 wa Hijra. Wakiwa wanane, kwa madhehebu yetu ya Shafi, si udhia wa yeyote kati yao. Mbuzi ni wa mtu mmoja. Ndugu wanne waliochanga mbuzi mmoja wamepata kitoweo kizuri, lakini si udhia. Afadhali wampe mmoja wao zile fedha ziwe mali yake, anunue, anuie na achinje, sunna ya nyumba yake itimie. Na wote wale. Mchinjaji alipwe fedha, asipewe ngozi kuwa ujira.

Wengi wetu tunao ndugu wa damu walio Wakristo, nao hupenda kuleta chochote siku hiyo. Zipokeeni ndizi zao, mayai yao na sukari yao kwa uso mkunjufu, na wakae nasi tule pamoja. Ikiletwa pombe ndiyo itakayorudishwa, kwa maneno ya adabu.

Nao vijana wasio na fedha wasijione hawana mchango. Kuni zataka kupasuliwa, maji yataka kuchotwa, na masufuria hayajioshi. Wakiyashika hayo tangu alfajiri, mke wa mwenye nyumba naye atapata kukaa mkekani pamoja na mawifi zake, ale chakula kingali moto.